Vyuma vya Watu Nyuma ya Jikoni Yangu

Mjukuu wangu alikuja Krismasi kutoka mjini, na kitu cha kwanza alichokiona kwangu si uso wangu. Ni vyuma vilivyo nyuma ya jikoni. Alipita pale akienda chooni, akarudi akicheka.

"Shosho, kumbe uko na skrapu huko nyuma na umenyamaza tu? Yule jamaa wa mkokoteni anapita hapa barabarani kila asubuhi. Nimwite achukue, tupasafishe?"

Nikamwambia asimwite. Akasema vinaleta nyoka. Nikamwambia nyoka wa pale ni wangu, tunajuana. Akasema mtoto atajikata na kutu. Nikamwambia watoto wa nyumba hii wamecheza hapo tangu baba yake akiwa hana meno, na hakuna aliyekatika. Akadhani ninafanya mzaha wa wazee. Akatoa simu amwite yule mtu. Hapo nilisimama, na mimi siku hizi kusimama si kazi ndogo, nikamwambia akimleta mtu wa mkokoteni katika boma hili, mimi na yeye tutafute mahali pengine pa kulia Krismasi.

Watoto wangu wakaniambia nikae chini, presha itapanda. Kila nikieleza habari ya vile vyuma kwa mdomo ninakasirika, na nikikasirika wananikimbiza hospitali Nkubu. Basi ninaandika. Kuandika nilijifunza ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, kwa hivyo atakayesoma asitafute Kiswahili cha Mombasa hapa. Majina ninayo yote, ya kila mtu nitakayemtaja, na jina la baba yake na la mke wake. Siyaandiki. Wajukuu wao ni majirani zangu, na wengine tunakaa benchi moja kanisani.

Nilipoolewa, baba mkwe wangu alikuwa mhunzi. Siku hizo hakuna mtu alikuwa anatupa chuma. Jembe likiliwa na mawe mpaka libaki kama ulimi wa mbuzi, hulitupi, unalipeleka kwa mhunzi. Pete ya pipa iliyokatika, bawaba, mnyororo wa ng'ombe, pedali ya baiskeli ya mtu aliyeanguka nayo mtoni, vyote vilikuja kwetu. Aliviweka kwenye rundo kando ya kiwanda chake, kile kibanda cha mvukuto na moto. Siku akifua alichukua hapa kidogo na pale kidogo, na yule aliyeleta alikumbukwa baadaye kwa kisu cha jikoni au sindano ya kushonea kiondo. Hapakuwa na karatasi. Alijua kila chuma kimetoka mkono gani, na mke wake alijua pia.

Wiki ya kwanza ya ndoa yangu, kabla hata hajanionyesha mahali pa kuni, mama mkwe alinipeleka mbele ya lile rundo.

"Mwari wangu," akaniambia, "hapa ukifagia, fagia kando. Chuma kikishaletwa hapa kina mkono wa mwenyewe. Mhunzi anaweza kukifua. Mwenyewe anaweza kurudi akakichukua, akakitupa hata mtoni, ni shauri yake. Lakini mtu wa nyumba hii akikitupa, amemtupa mwenyewe."

Na mtu kutupwa na nyumba ya mhunzi lilikuwa jambo zito. Waliogopa hilo kuliko simba. Ng'ombe wake wangeharibu mimba, watoto wake wangetawanyika. Nilifagia kando.

Baba mkwe alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla ya Imajensi, ile hali ya hatari waliyoitangaza Wazungu. Mume wangu alikuwa amebakisha kidogo tu kushika kazi ya baba yake, ndipo askari wa serikali wakaja na lori wakamchukua kwenda kambini. Kosa lake ni kuwa mtoto wa mhunzi. Hakuna kingine walichosema. Tukabaki mama mkwe, mimi, na rundo.

Halafu tukahamishwa wote tukawekwa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana mstari kwa mstari, handaki limezunguka, miti iliyochongwa imesimama ndani ya handaki kama meno. Bahati yetu au mkosi wetu, sijui niseme lipi, kijiji kilijengwa juu ya ardhi yetu wenyewe. Kiwanda cha baba mkwe kikabaki ndani ya handaki, na rundo likabaki kando yake. Watu walipita hapo kila siku wakienda kuchota maji. Kila mmoja alikiona chuma chake.

Ndipo ikatoka amri ya vyuma.

Watu wa msituni, wale waliopigana na serikali, walikuwa wakitengeneza bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango. Hilo ni kweli, sikatai. Lakini serikali ikaamua kila chuma kilichokaa bure nyumbani kwa mtu mweusi ni bunduki iliyolala. Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alisimama uwanjani akatangaza: kila nyumba ibaki na jembe, panga moja na sufuria. Kingine chote kiletwe. Kitakachokutwa nyumbani baada ya hapo, mwenye nyumba ataenda jela.

Watu wakaleta. Na sikilizeni walivyofanywa. Aliyeleta vingi aliulizwa, "Hivi vyote ulikuwa unamwekea nani?" akapigwa. Aliyeleta kimoja aliulizwa, "Vingine umefukia wapi?" akapigwa. Mzee mmoja aliyeleta mfuniko wa debe akapigwa kwa sababu hakuleta debe. Baada ya hapo nani angetaka kuonekana njiani ameshika chuma? Msumari ukikuchoma mguuni ungeogopa kuutoa mbele za watu.

Na sisi tulikuwa na rundo linalonifika kiunoni. Hedimani alikuja mwenyewe akalizunguka, fimbo mkononi, askari wake wawili wa homugadi nyuma. Mtu huyu, kabla ya Imajensi, alikuwa akinunua ngozi za mbuzi nyumba kwa nyumba, miguu mitupu kama sisi. Alikunywa uji wa mama mkwe mara nyingi kuliko watoto wake wa kuzaa.

"Mama," akasema, "afisa anakuja wiki ijayo kukagua. Akilikuta hili, wewe unaenda Embu jela, na sijui kama utarudi."

"Nimesikia," mama mkwe akasema.

"Usiseme sikukuonya."

"Umenionya. Uji upo, utakunywa?"

Hakunywa. Alipoondoka nikasema, "Mama, twende tukavitupe korongoni. Tubebe ndani ya vikapu chini ya majani ya ng'ombe, siku ya ruhusa ya kwenda shambani. Mara chache tu vitakuwa vimekwisha."

"Na wenyewe?"

"Wenyewe wanajua shida iliyopo!"

"Kama wanajua waje wachukue." Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyetapika. "Mwari, nimeishi na hawa watu miaka yangu yote. Leo kwa sababu ya kuogopa jela niwatupe mmoja mmoja kwa mkono wangu? Nenda ukawaite. Mwambie kila mtu chuma chake ni kipi, akichukue akipeleke anakotaka."

Akakaa chini mbele ya rundo, akanitajia. Hiki cha huyu, hiki cha yule. Nikarudia mpaka nikashika. Ndivyo majina yalivyoniingia kichwani, na hayajatoka mpaka leo ninapoandika.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ni ya mzee aliyekuwa na shamba la viazi vikuu zuri kuliko yote kwenye ule mgongo wa kilima.

"Baba, mama anasema uje uchukue kipande chako cha jembe."

"Jembe?" akasema. "Mimi sijawahi kuwa na jembe."

"Sasa hivyo viazi ulilimia nini, baba?"

"Mke wangu ndiye alilima." Mke wake akageuka haraka: "Mimi nilitumia mti!" Eti mti. Shamba kubwa lile alililima kwa mti kama nguruwe mwitu.

Nyumba ya pili mama mmoja akaniziba mdomo kwa mkono wake kabla sijataja mnyororo wa ng'ombe. "Nyamaza! Sisi tulikuwa na mbuzi tu." Ng'ombe wake nilimjua. Nilikunywa maziwa yake siku ya harusi yangu. Wa tatu alisema pedali si yake kwa kuwa hajui kuendesha baiskeli, na hapo alisema ukweli, ndiyo maana alianguka mtoni. Wa nne alinifungia mlango. Wa tano alinihubiria, akaniambia mama mkwe wangu aache mambo ya giza, aokoke, na avitupe tu. Avitupe yeye! Mdomo uliookoka ulijua kabisa kwa nini hauwezi kuja kuvitupa wenyewe.

Nilirudi nikilia kwa hasira. Nikamwambia mama mkwe hakuna anayekuja, wote wamekataa vitu vyao, na yeye ndiye atakayefungwa.

"Hujaenda kwa hedimani," akasema.

"Hedimani ana nini hapa?"

Akaingiza mkono ndani ya rundo bila kutafuta, akatoa komeo la mlango. Komeo refu, zito, limepinda kidogo. Hedimani alilileta mwenyewe, siku aliponunua kufuli yake ya kwanza akaona komeo ni ushamba. Katika vyuma vyote vya rundo lile, kile ndicho kilichofanana hasa na kitu cha kutengenezea bunduki.

"Huyo usimwendee," akasema. "Huyo nitamwambia mimi." Akalirudisha, akaliweka juu.

Siku ya ukaguzi tuliamrishwa tusimame wote kuzunguka kiwanda, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Afisa alikuwa kijana Mzungu, shingo nyekundu kwa jua, amechoka. Lori lake liliachwa likinguruma. Hedimani alisimama karibu naye awe mkalimani, kwa sababu mama mkwe hakujua Kiswahili, na Kimeru afisa hakujua. Kile ambacho hedimani hakujua ni kwamba mimi nilikulia Timau, baba yangu akichunga ng'ombe wa Mzungu, na Kiswahili kile cha kwao nilikisikia tangu utotoni.

"Bwana," hedimani akamwambia afisa, "huyu ni mke wa mhunzi. Mtoto wake yuko kambini. Hapa ndipo bunduki za msituni zinatoka."

Mtu aliyekunywa uji wetu!

Afisa akapiga rundo kwa kiatu. "Hii chuma ya nani? Wewe mama, sema."

Hedimani akageuza kwa Kimeru: "Anasema utaje wenyewe. Taja wote."

Nilimwona mzee wa viazi akiangalia vidole vya miguu yake. Yule mama wa mnyororo alikuwa ameshika shingo yake mwenyewe. Walijua anawajua. Neno moja tu na wote wangepandishwa lori.

Mama mkwe akainama, akachukua komeo, akamnyooshea hedimani kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayempa mgeni kibuyu.

"Tuanze na lako," akasema. "Ulilileta wewe, ukakaa pale palipo na lile jiwe, ukasema ushamba umekwisha. Lichukue kwa mkono wako. Halafu nitataja wengine."

Afisa akauliza, "Nasema nini huyu?"

Nilimwangalia hedimani usoni. Jasho lilitoka hapo hapo, chini ya kofia.

"Anasema... anasema hii ni takataka, bwana."

"Takataka?"

"Takataka tupu, bwana. Vitu vya zamani. Watu walikuwa wanaleta kwa mhunzi vitu vilivyovunjika."

Mnaona? Ukweli ulikuwa mdomoni mwake siku zote! Tulipigwa kwa sababu ya mifuniko ya madebe, mtu alikuwa tayari kumpeleka mama yetu jela, na kumbe alijua. Kilichohitajika ni kitu chake yeye kiwe juu ya rundo.

Afisa akakasirika, si kwa ajili yetu, kwa ajili ya safari yake. "Sasa nani naniita mimi hapa kwa takataka? Tia yote kwa lori. Upesi!"

Homugadi wawili wakainama. Mama mkwe akasema kwa sauti, kwa Kimeru, "Atakayeshika chuma cha mwenzake amtupe, ni yeye na nyumba yake." Wale homugadi wakaacha mikono hewani. Walikuwa watoto wa hapa hapa, mama zao waliwafundisha. Afisa akapiga kelele. Hakuna aliyegusa. Na mama mkwe bado amenyoosha komeo.

Hedimani akalichukua. Alikwenda nalo mpaka kwenye lori, akalitupa ndani, likalia.

Basi ikawa kama mlango umefunguka. Mzee wa viazi akaja mbio, akachomoa kipande cha jembe bila kuonyeshwa. Yeye ambaye hajawahi kuwa na jembe alilijua lake kwa nyuma, kwa mgongo, kwa ule upande ulioliwa! Mama wa mnyororo akauvuta kama anavuta ng'ombe mwenyewe. Aliyeokoka alikuwa na vyuma vinne. Vinne! Walipita mmoja mmoja mbele ya mama mkwe, hakuna aliyesema asante, wakarusha vyao ndani ya lori. Lori lile, nilikuja kusikia, lilivimwaga vyote korongoni kando ya msitu, pale pale nilipotaka kuvitupa mimi. Bunduki zilizolala walizipeleka wenyewe mpaka mlangoni kwa watu wa msituni. Halafu utasikia sisi ndio hatukuwa na akili.

Rundo likaisha. Yaani, karibu. Chini kabisa vilibaki vyuma vichache ambavyo hakuna mkono uliokuja kuvichukua. Kipande cha jembe, pete ya pipa, bawaba, kipande cha mnyororo, kisu kisicho na mpini. Wenyewe hawakuwa pale. Wengine walikuwa kambini, wengine msituni, na wake zao walisimama upande wetu wamekufa ganzi, kwa sababu mke akisema "hiki ni cha mume wangu," swali linalofuata ni "yuko wapi?"

Hedimani aliviona. Aibu ilikuwa bado mbichi usoni mwake, akaona mahali pa kuitua.

"Na hivi ni vya nani, mama? Wewe si unakumbuka wote?"

Mama mkwe akavivuta karibu na miguu yake. "Hivi ni vyangu," akasema.

Afisa alikuwa ameshapanda lori. Aliangalia mwanamke mzee na chuma chake kilichooza, akatikisa kichwa, wakaondoka. Vumbi halijatulia hedimani akaagiza waya. Wakavitoboa, wakavifunga vyote, wakamvika mama mkwe shingoni.

"Kama ni vyako, vivae," akamwambia.

Tulikuwa tukilazimishwa kuchimba na kupanua handaki kila siku, naye alichimba navyo. Kila akiinua jembe vililia kama kengele za mbuzi, na kila vikilia watu waliokuwa karibu walianza kuongea kwa sauti, habari za mvua, habari za maharagwe, ili wasisikie. Watu wale wale waliotoka kuokolewa naye. Mimi nilichimba kando yake. Waya ulimchubua mpaka alama ikabaki, na alizikwa nayo. Nilimwomba akubali kuvitupa, hata kimoja kile kizito. Akaniuliza, "Nani nimtupe?" Akanitajia wote watano, nichague. Sikuchagua. Hedimani alichoka kabla yake. Siku moja homugadi walimkatia ule waya, akavibeba nyumbani ndani ya kiondo, akaviweka nyuma ya jikoni.

Mume wangu alirudi kutoka kambini na mkono wa kulia usiofunga vidole. Hakufua tena. Kwa hivyo ile njia ya kwanza ya kumaliza chuma, ya moto, ikafa. Ikabaki ya pili, mwenyewe aje. Wawili walirudi kutoka kambini, wakaja, wakachukua vyao wakilia. Mama mkwe alipokufa alinikabidhi vitatu na majina ya wenyewe.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwanamume mmoja mwenye mvi alikuja kwangu kuuliza habari za mpaka wa shamba. Nilimuuliza jina la babake, ingawa nilishaliona usoni mwake. Nikampeleka nyuma ya jikoni, nikampa ile pete ya pipa, nikamweleza. Akaigeuza geuza.

"Sasa mama, mimi nitafanya nini na hii?"

"Unachotaka. Wewe unaweza. Itupe."

Yule mtu wa mkokoteni alikuwa akipita barabarani. Mwanamume yule akatoka nje ya lango langu akairusha ndani ya mkokoteni, ikalia pamoja na mabati na madebe ya watu, naye akarudi tukaendelea na habari za mpaka. Nilifurahi siku hiyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Vimebaki viwili, bawaba na kisu kisicho na mpini. Wenyewe walishikwa wakiwa hai. Watu waliwaona wakipitishwa barabarani wamefungwa mikono, halafu hakuna aliyewaona tena, na hakuna ofisi iliyowahi kuwaambia watoto wao walilazwa wapi. Watoto wametawanyika, sijui waliko. Na mimi ninaambiwa nipasafishe, eti kwangu kunaonekana kuchafu. Anayetaka nyuma ya jikoni yangu pasafishwe aje kwanza aniambie wale wawili wamezikwa wapi. Nitavibeba mwenyewe, na miguu hii hii, nikawawekee juu.